Shahidi wa Usiku: Mhadhara juu ya Shajara za Kenneth Williams



Mtu nitakayemzungumzia jioni hii alikuwa mchekeshaji, na sauti yake ilijulikana takriban katika kila nyumba ya Uingereza iliyokuwa na redio. Lakini alipofariki tarehe 15 Aprili 1988, akiwa na umri wa miaka 62, aliacha pia vitabu alivyoviandika kwa mkono wake mwenyewe, ambavyo cha kwanza ni cha mwaka 1942, alipokuwa kijana wa miaka 16, na cha mwisho kinakoma siku moja kabla ya kifo chake. Jina lake ni Kenneth Williams. Vitabu hivyo ni shajara zake, na vilivyohifadhiwa ni 43. Sehemu yake ilitolewa chapa mwaka 1993 kwa uhariri wa Russell Davies, na wengi waliozisoma walifadhaika, kwa kuwa katika kurasa zile hawakumkuta yule waliyezoea kumcheka, bali walimkuta mtu mwenye ghadhabu na kinyongo, mwenye kuwachoka watu na kujichoka nafsi yake, tena mwenye upweke usiokuwa na dawa. Tangu siku hiyo imekuwa ada kusema kwamba kicheko chake kilikuwa barakoa, na kwamba uso wa kweli ndio huu wa shajara. Nimekuja kuupinga usemi huo, si kwa sababu shajara zinasema uongo, hasha, bali kwa sababu shajara ni shahidi ambaye aliitwa kila siku kwa saa ile ile moja, na shahidi wa namna hiyo, hata akiwa mkweli, hawezi kutoa habari za mchana kutwa.

Yafaa tuanze na mkono ulioandika, maana mkono huo ulikuwa na elimu yake kabla ya ulimi kupata elimu ya jukwaa. Williams alizaliwa London tarehe 22 Februari 1926, mtoto wa kinyozi. Baba yake, Charles, aliyekuwa na duka la kunyoa katika mtaa wa Marchmont, alikuwa Mmethodisti mkali, mwenye kuchukia anasa na mizaha, na mchezo wa kuigiza machoni pake haukuwa kazi ya mwanamume. Alitaka mwanawe ashike ufundi wenye riziki ya hakika. Basi kijana akapelekwa kujifunza uchoraji wa chapa za mawe, ambao ni ufundi wa kuchora ramani na herufi kwa usafi usioruhusu kutetereka. Alipoingia jeshini mwaka 1944 alitiwa katika kikosi cha wahandisi wa upimaji kwa sababu ya ufundi huo huo. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa kuwa wale waliobahatika kuziona shajara zenyewe husimulia kwanza habari ya hati: maandishi yake hubadilika, mara yamesimama wima mfano wa chapa, mara yamelala na kukimbia, kana kwamba kurasa zile zimeandikwa na watu kadha wa kadha. Mtu yule aliyekuwa na sauti nyingi kinywani alikuwa na hati nyingi mkononi, na sioni kuwa ni sadfa.

Vita vilipokwisha alikuwa Asia, akaingia katika kundi la askari waliokuwa wakiwaburudisha wenzao huko Singapore, na humo alikutana na mwigizaji Stanley Baxter, ambaye urafiki wao ulidumu umri wote, na Peter Nichols, aliyekuja kuwa mwandishi wa tamthilia. Aliporudi kwao alizunguka katika majumba ya michezo ya mikoani kwa ujira mdogo. Mwaka 1954 aliigiza mwana wa mfalme wa Ufaransa katika tamthilia ya Bernard Shaw, *Saint Joan*, na uhodari alioonyesha katika kazi hiyo, ambayo si ya mzaha mtupu, ndio uliomfanya aitwe redioni kumsaidia mchekeshaji Tony Hancock. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Na hapo pia ndipo jeraha lilipoanza. Kwani Williams alitaka kuwa mwigizaji wa tamthilia kubwa, naye alikuwa amesoma sana, mpenzi wa mashairi na historia, lakini hadhira ilitaka pua yake iliyofura na sauti yake iliyoweza, katika sentensi moja, kushuka kutoka kwenye adhama ya bwana mkubwa hadi kwenye kelele za mchuuzi wa sokoni. Alipewa alichoombwa, hakupewa alichoomba.

Sitakawia katika kuzitaja kazi zake zote, maana zajulikana. Pamoja na mchekeshaji Kenneth Horne, katika vipindi vya redio vya *Beyond Our Ken* na baadaye *Round the Horne*, tangu 1958 hadi 1968, alifikia kilele cha ufundi wake. Na katika zile sinema za mzaha zilizoitwa *Carry On*, zilizopigwa katika studio za Pinewood, alionekana mara 26, akiwa mara daktari, mara Julius Caesar, mara mtawala wa nchi ya mipakani mwa India. Katika shajara huzidharau sinema hizo kwa maneno makali. Husema maandishi yake ni duni, malipo ni haba, na kwamba hatarudi tena. Kisha hurudi. Wako wasomaji wanaomshika kwa jambo hilo kama mnafiki. Mimi naona kwamba alirudi kwa sababu ya mkate wake, ndiyo, lakini alirudi vilevile kwa sababu Pinewood palikuwa na watu: palikuwa na meza ya chakula cha mchana, na duara la wenzake waliokaa vitini wakingoja taa kutengenezwa, naye akasimulia, na wao wakacheka hadi kushika mbavu. Katika saa zile hakuwa akiandika. Alikuwa akiishi.

Nyumbani kwake palikuwa na hali nyingine. Alihama mara nyingi ndani ya London, na kila alipokaa palifanana na chumba cha mtawa: kuta tupu, samani chache, vitabu vilivyopangwa, na usafi wa kupita kiasi. Jiko alilifunika kwa karatasi ya nailoni ili lisichafuke, na mgeni aliyefika hakupenda atumie choo chake. Baadaye, huko mtaa wa Osnaburgh, mama yake Louisa alipanga nyumba iliyopakana na yake, wakala pamoja na kutazama televisheni pamoja, hata usiku ukiingia kila mmoja hurudi kwake. Hakuoa, wala hakupata kukaa na mwenzi yeyote. Moyo wake ulielekea kwa wanaume, na sheria ya Uingereza, hadi mwaka 1967, ililihesabu jambo hilo kuwa jinai ya kumpeleka mtu gerezani, hata likiwa la siri na la ridhaa. Na hata sheria ilipobadilika, malezi ya baba yake hayakubadilika ndani yake. Katika daftari lake mwenyewe bado alisema mambo hayo kwa mafumbo. Ajabu ni kwamba katika miaka ile ile, mchana wa Jumapili, yeye na mwigizaji mwenzake Hugh Paddick walikuwa wakiigiza redioni wahusika wawili, Julian na Sandy, waliokuwa wakizungumza Polari, msimbo wa siri wa waigizaji, mabaharia na wanaume wa hali hiyo, na taifa zima likicheka mezani penye chakula bila ya kutambua nusu ya yaliyosemwa. Alichoogopa kukiandika wazi akiwa peke yake, alikitangaza kwa mamilioni ya watu kwa kuwa kilivikwa nguo ya mzaha. Nani basi atuambie ni wapi alikuwa mkweli zaidi?

Na hapa nafikia kiini cha maneno yangu. Fikirini shajara huandikwa lini. Haiandikwi mezani penye sahibu, wala katikati ya masimulizi, wala katika dakika ile ambayo hadhira imenyamaza ikingoja neno litakaloiangusha kwa kicheko. Huandikwa mlango ukisha kufungwa. Williams alirudi nyumbani, akaketi, akachukua kalamu ya wino, na saa hiyo ndiyo saa ambayo furaha ya mchana ilikwisha kuondoka na bado usingizi haujaja. Mtu yeyote mwenye hulka ya upweke, akiulizwa kila siku kwa saa hiyo habari za maisha yake, atajibu kwa masikitiko. Na akiulizwa hivyo kwa zaidi ya miaka 40, atajaza kabati zima la masikitiko, na yote yatakuwa ya kweli, na yote yakiwekwa pamoja yatatoa hukumu isiyokuwa ya haki. Karamu ambayo saa nne zake zilikuwa za raha hupata mstari mmoja, na saa moja ya kurudi peke yake katika baridi hupata ukurasa.

Ushahidi wa neno hili hatuhitaji kuutafuta mbali. Russell Davies huyo huyo, baada ya shajara, alihariri barua za Williams, nazo zikatolewa kitabu; na humo twamkuta mtu mwepesi, mchangamfu, mwenye kuwatania rafiki zake na kuwaliwaza wagonjwa, mwenye kueleza safari mbovu kwa namna ya kuchekesha hata ubovu wake ukageuka kuwa zawadi. Kalamu ni ile ile, na mara nyingine hata juma ni lile lile. Tofauti ni kwamba barua ina mtu wa upande wa pili, na Williams alipokuwa na mtu wa upande wa pili, hata asiyeonekana, kitu fulani ndani yake kiliamka. Aidha tunaye shahidi wa nje. Joe Orton, mwandishi wa tamthilia aliyeuawa mwaka 1967, naye aliweka shajara katika miezi yake ya mwisho, ikachapishwa 1986 kwa uhariri wa John Lahr. Na humo Williams aonekana kama wenzake walivyomwona, yaani mgeni ambaye akiingia, mazungumzo humwendea yeye. Shajara mbili za marafiki wawili, wa mji mmoja na zama moja, na kila moja yamwona Williams kutoka upande ambao nyingine haifiki.

Urafiki wao huo nao wahitaji neno, kwa kuwa ulibeba pigo kubwa katika maisha yake ya kazi. Mwaka 1965 Williams alikuwa mpelelezi Truscott katika *Loot*, tamthilia ya Orton, nayo ikazunguka mikoani bila mafanikio, ikiandikwa upya njiani, hata ikakoma kabla ya kufika katika majumba makubwa ya London. Mwaka uliofuata ilichezwa na watu wengine, ikasifiwa na kutuzwa. Nadhani mtu mwepesi wa moyo angelilichukia jina la tamthilia hiyo. Williams hakufanya hivyo. Mwaka 1980, Orton akiwa ameshazikwa miaka 13, alirudi na kuiongoza *Loot* yeye mwenyewe huko Hammersmith, na mwaka uliofuata akaongoza *Entertaining Mr Sloane*, tamthilia nyingine ya Orton. Huyu ndiye mtu tunayeambiwa kwamba hakumpenda mtu! Msomaji anayehesabu matusi ya shajara peke yake hana mahali pa kuliweka tendo kama hilo, kwa sababu uaminifu wa namna hiyo haukuandikwa kwa maneno, ulitendwa.

Sisemi kwamba kurasa zile hazina ubaya. Zinao. Aliwahukumu wenzake kwa ukali ambao baadhi yao, waliokuwa hai zilipochapishwa, walipaswa kuusoma hadharani, na wengine walikuwa watu waliomkirimu. Alikuwa akiwatisha rafiki zake, nusu kwa mzaha, kwamba atawatia katika shajara. Na tishio hilo lafichua jambo ambalo wanaoziita siri tupu hulisahau, nalo ni kwamba aliandika akijua kwamba siku moja zitasomwa. Hakuzichoma. Hakuusia zichomwe. Alizifungua mwenyewe alipoandika habari za maisha yake katika *Just Williams*, kitabu kilichotoka 1985. Basi hata pale usiku, jiko likiwa limefunikwa nailoni na mlango umetiwa komeo, palikuwa na hadhira, ila hadhira iliyokuwa haijazaliwa, isiyoweza kucheka wala kupiga makofi. Na mbele ya hadhira hiyo aliigiza sehemu ambayo hakuna mtu aliyempa jukwaani, sehemu ya mtu mwenye huzuni kubwa na akili kali anayeihukumu dunia. Ile tamthilia nzito aliyoitamani tangu ujana wake aliiandika na kuichezea humo. Hii ndiyo sababu nakataa kusema kwamba kicheko kilikuwa sanaa na shajara ndiyo hali halisi. Vyote viwili vilikuwa sanaa, na mtu mmoja halisi alivitumia vyote viwili kuvumilia siku zake.

Mambo mawili katika shajara hizo hunigusa kuliko yote. La kwanza ni kifo cha baba yake, mwaka 1962, aliyekunywa maji ya sumu ya kusafishia yaliyokuwamo katika chupa ya dawa ya kikohozi, na ikahukumiwa kwamba ni ajali. Baina ya baba na mwana hapakuwa na mapenzi yaliyosemwa, na mwana hakujifanya kuwa nayo kwa ajili ya matanga; ukavu wa maandishi yake juu ya habari hiyo wasikitisha kuliko kilio, kwa kuwa twaona mtu aliyenyimwa hata haki ya kuomboleza sawasawa. La pili ni mama yake. Louisa, mwanamke mchangamfu aliyekuwa akihudhuria vipindi vya mwanawe redioni na kukaa mbele kabisa kumcheka, ndiye mtu pekee ambaye shajara humrudia kila juma kwa kujali: amekula nini, amechoka kiasi gani, atapelekwa wapi Jumapili. Humkasirikia pia, kama majirani wa mlango mmoja wanavyokasirikiana. Lakini ukizisoma kurasa hizo zote mfululizo, utaona kwamba yule asemaye hana mtu alikuwa akimtunza mtu kila siku.

Tangu 1968 hadi kifo chake alishiriki katika *Just a Minute*, mchezo wa redio uliosimamiwa na Nicholas Parsons, ambao sharti lake ni mtu kuzungumza dakika nzima juu ya jambo alilopewa bila ya kusita, bila ya kurudia neno, na bila ya kutoka katika mada. Sidhani kama pamewahi kutungwa mchezo uliomfaa mtu mmoja kuliko huo. Usomaji wake wote, wa historia na wa maneno adimu, ambao sinema haikuwa na haja nao, ulipata kazi; alizivuta silabi, alighadhibika kwa namna ya kuigiza alipokatizwa, na umati ulimpenda kwa ghadhabu ile ile ambayo, ikiandikwa usiku, yatuogofya. Ghadhabu moja, yenye wasikilizaji na isiyokuwa nao!

Miaka ya mwisho maumivu yalimzidi. Alikuwa na vidonda vya tumbo, mgongo ulimuuma, mama alikuwa akidhoofika, na kazi zilipungua. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1988 aliandika kwa mara ya mwisho, akieleza maumivu ya siku hiyo, na mwishowe akauliza kwa maneno machache kuna maana gani. Siku ya pili alikutwa amefariki kwa kuzidisha dawa za usingizi. Hakimu wa vifo alichunguza, akasikiliza, na akaacha hukumu wazi, yaani hakusema kwamba alijiua, wala hakusema kwamba ni bahati mbaya. Nauheshimu uamuzi huo. Wengi wetu hatukuwa na subira ya hakimu yule: tuliusoma mstari wa mwisho kwanza, kisha tukarudi nyuma kwa miaka 46 tukiufanya kila ukurasa uwe ngazi ya kuuendea. Lakini swali lile aliliuliza mara nyingi kabla ya hapo, 1950 na kitu, 1960 na kitu, kwa maneno karibu ya namna moja, na asubuhi yake akaamka, akanyoa ndevu, akaenda kazini na kuwachekesha watu.

Louisa alifariki 1991, miaka miwili kabla ya kitabu kuchapishwa. Shajara zenyewe, pamoja na barua nyingi, zilinunuliwa mwaka 2015 na Maktaba ya Uingereza iliyoko London, si mbali na mtaa wa Marchmont alikokulia mtoto wa kinyozi, na yaliyomo ni mengi kuliko yaliyopita katika chapa ya 1993, kwani mhariri, kama ilivyompasa, alichagua. Ombi langu kwa vijana wetu wanaosomea fasihi na tamthilia, ikiwa watajaliwa kufika huko, ni kwamba waziombe zile za miaka ambayo haitajwi sana, wazisome sambamba na barua za juma lile lile na kanda za redio za juma lile lile, na ukurasa wa mwisho wausome kwa zamu yake, baada ya nyingine zote.